Nguzo za Ndoo

Nkoaranga,
12 Januari 2025

Mwanangu Anjela,

Usishangae kuona karatasi. Simu imenishinda masikio. Ile mashine ya zege niliyoisimamia Arusha mjini imeyala yote mawili, sasa ukinipigia nasikia kama mtu anakaanga samaki. Zuleha mwenye duka la steshenari pale Kikatiti ataipiga picha barua hii akutumie, na yako atanichapia. Andika kwa herufi kubwa, na usiweke siri, maana Zuleha husoma kila kitu na kunisimulia kabla sijavaa miwani.

Bibi yako hajambo. Macho ndiyo yamefunga kabisa, lakini anamjua mtu kwa nyayo. Juzi kapita askofu mzima njiani, yeye kasema, huyo viatu vinambana. Ikawa kweli.

Sasa jambo lililonikalisha. Kaka Nathanael alikuja Krismasi kutoka Sombetini, akaishika nguzo ya baraza, ile ya mti wa mringaringa aliyoisimika marehemu babu yako, akaitikisa kwa mkono mmoja. Ikatoa unga kama sembe. Mchwa. Pale pale akatoa hukumu: nyumba ibomolewe kabla ya masika, na mama akakae kwake mjini, kwenye chumba chenye vigae. Bibi akamwambia atatoka humu siku atakayobebwa. Tukaendelea kula ndizi zetu za machalari.

Mimi nikasema nitaitengeneza. Nathanael akacheka mpaka akashika goti. "Wewe Yoeli? Choo ulichomjengea mwalimu kilianguka hata hakijatumika."

Mwanangu, choo kile hakikuanguka. Kilikaa chini chenyewe, taratibu, kwa heshima zake.

Wewe ndiye mtu wetu aliyesoma majumba ya kale, na uko Athene, mji aliohubiri Paulo. Niambie hizo nguzo za mahekalu zimesimamaje miaka yote hiyo. Si kwamba sijui. Mimi niliwahi kuushika mnara wa kanisa kwa bega hili, tangu asubuhi mpaka saruji ikashika, nikawa nalishwa nimesimama. Nataka kulinganisha tu.

Ila nikurekebishe kitu kimoja. Kwenye salamu zako za Krismasi uliandika kwamba mahekalu hayo ni ya Wagiriki. Umedanganywa. Mgiriki namjua, alilima kahawa hapa chini na akanifundisha ujenzi kwa mkono wake, na hakujenga hekalu lolote, alijenga banda la kahawa. Wenye mahekalu ni Wayunani. Wameandikwa kwenye Biblia. Mwambie mwalimu wako kwa upole, asione aibu mbele ya darasa.

Mimi mjomba wako, fundi wa mafundi,
Yoeli


Athens,
19 Januari 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za chuo nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Mjomba, Wagiriki na Wayunani ni watu hao hao. Biblia yetu inawaita Wayunani, barabarani tunawaita Wagiriki, lakini ni ukoo mmoja na nchi moja. Na huyo Mgiriki wa kahawa, Bibi aliniambia aliondoka Meru wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Sijui alikufundisha saa ngapi.

Hekalu lao si kama kanisa letu. Watu hawakuingia kusali ndani. Katikati kuna chumba kimoja kirefu, kina kuta pande zote na mlango mmoja, na humo anakaa mungu wao, yaani sanamu yake. Ilikuwa nyumba ya mtu mmoja. Watu walibaki nje na madhabahu ilikuwa nje, mbele ya mlango, na mlango mara nyingi ulitazama mashariki ili jua likichomoza limuamkie mwenye nyumba. Chumba hicho kimezungushiwa nguzo pande zote nne, na kati ya nguzo na ukuta kuna njia ya kupita mtu. Vyote vimekaa juu ya jukwaa la ngazi tatu.

Nguzo zenyewe si jiwe moja. Ni vipande vya mviringo kama ngoma, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na katikati kuna kijiti cha kuvishikilia visiteleze. Tena zina tumbo kidogo.

Mwalimu wetu mmoja anasema zamani sana, kabla ya mawe, kuta zilikuwa za udongo kama za Bibi. Nguzo ziliwekwa kuzunguka ili paa litoke mbali, mvua isirukie ukuta. Nilipomsikia niliacha kuandika, nikaona baraza letu. Mjomba, ile nyumba hailiwi na uzee. Inaliwa na maji. Ukuta wa udongo ukibaki mkavu unaweza kuishi mpaka utuzike sote.

Wiki iliyopita tulikwenda Olimpia, kwenye hekalu la Hera, mungu wao wa kike. Nguzo zake hazifanani: moja nene, nyingine nyembamba, vichwa mbalimbali. Wanasema mwanzoni zote zilikuwa za mti, na kila moja ilipooza waliitoa na kuweka ya jiwe kwa mtindo wa siku hizo. Kuna msafiri wa kale aliyekuta moja ya mti bado imesimama. Hawakubomoa nyumba. Walibadilisha kilichooza tu. Nilikaa chini pale nikatamani loshoro ya Bibi, yale mahindi yake ya maziwa mgando.

Nitumie picha za kuta. Na Bibi asihame kwanza.

Mpwa wako,
Anjela


Nkoaranga,
4 Februari 2025

Mwanangu Anjela,

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea Bibi, kisha nikawasomea watu kilabuni ambao hawakuomba.

Hilo la Wagiriki kuwa ndio Wayunani limeninyima usingizi. Maana yake yule bwana wa kahawa alikuwa jamaa wa wale wa kwenye Biblia na hakusema neno. Ndipo nikalikumbuka banda lake. Wewe hukuliona, liling'olewa bati likaisha. Chumba kimoja katikati cha kuhifadhia magunia, nguzo zimekizunguka pande zote, paa limetoka mbali, na kahawa imeanikwa chini yake kwenye vichanja. Mvua ikija hatukukimbia. Mama yako na mimi tulikuwa tunazunguka humo tukifukuzana, mvua inapiga bati, hatuloi hata kisigino, na harufu ya kahawa mbichi imejaa puani. Kumbe tulikuwa tunacheza hekaluni. Mama yako alikuwa na mbio kama swala, Mungu amrehemu. Hakuna aliyemkamata isipokuwa mimi, na mimi ni kwa kuwa nilisimama nikamngoja upande wa pili.

Na kuhusu mafunzo ya Mgiriki, mtoto mgongoni anasikia.

Sasa kazi. Kuta nimezigonga zote kwa kifundo cha kidole. Zinalia vizuri isipokuwa chini upande wa mvua. Mlango wetu unatazama mashariki, unaiona Kibo asubuhi kama bakuli la maziwa limefunikwa. Babu yako alikuwa anajua mambo haya bila kwenda Athene.

Nguzo nimeanza. Ulisema vipande kama ngoma. Nani wa kunichongea mawe? Nikaazima ndoo. Nimepita nyumba hadi nyumba kuanzia kwa mama Maulida mpaka njia ya hospitali, kila mama akanipa ndoo yake ya lita ishirini. Namimina zege ndani, nondo katikati, kesho yake nageuza, nagonga matako ya ndoo, ngoma inatoka. Ukisimamisha moja, ukaweka nyingine kifudifudi juu yake, midomo ikakutana, kisha jozi juu ya jozi mpaka kimo cha paa, unapata lile tumbo ulilolisema. Tena tumbo la haja. Watu wanapita njiani wanasema Yoeli anajenga nguzo zenye mimba. Nawaambia waulizeni Wayunani.

Ndoo hazilingani, kwa hiyo nguzo hazilingani, kama za huyo Hera wako. Kila mama anakuja kukagua yake. Mama Maulida ameshaikuta chapa ya ndoo yake imejitokeza kwenye zege, anawaonyesha wageni.

Hesabu: nne mbele, nne nyuma, sita ubavu huu, sita ubavu ule. Nikatengeneza ishirini. Kuzipanga, zinabaki nne. Nikahesabu tena, zinabaki nne. Nikadhani ni uchawi, kumbe nguzo ya kona inakula pande mbili. Wala si kosa, ni akiba. Nyumba gani ya kale ilikuwa na akiba?

Za babu yako nitazitoa moja moja, mpya ikisimama ndipo ya zamani inalala. Bibi hajambo.

Yoeli,
mjenzi wa hekalu la kwanza Meru nzima


Athens,
12 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe, hili ni kosa langu. Tumbo la nguzo ni dogo mno, jicho la kawaida halilioni. Linawekwa ili nguzo ionekane imenyooka. Nilipaswa kukuambia ni unene wa vidole, si wa ndoo mbili.

Lakini nimeonyesha picha zako darasani. Mwalimu alizitazama moja moja, kisha akaniuliza ndoo huko kwetu zinauzwa wapi.

Tafadhali nondo moja ndefu ipite nguzo nzima kuanzia kwenye msingi mpaka juu, vipande visikae tu. Msingi uchimbe mpaka ufike udongo mgumu. Na ile njia kati ya nguzo na ukuta, iinamie nje kidogo sana ili maji yatoke. Wayunani wako walifanya hivyo; hata sakafu yao imebinuka katikati. Usipande juu ya paa peke yako. Narudia, usipande.

Mjomba, safari hii umeandika "Bibi hajambo" na hukuongeza kitu. Ulivyo, ungekuwa na habari njema ungejaza ukurasa. Bado anakwenda kwa ng'ombe asubuhi? Bado anatoka kwenda kumsalimia mama Maulida na kugombana naye? Nilipokuwa mdogo, mvua ya masika ikianza alikuwa anatoka barazani kwa makusudi, anakinga mikono nje ya paa, kisha anatupangusa nyuso na maji hayo mimi na mama. Huku mvua ni baridi, inanyesha kama inalipwa kwa saa. Nikifumba macho nasikia ile ya kwetu kwenye migomba.

Niambie ukweli.

Anjela


Hospitali, Nkoaranga,
2 Machi 2025

Mwanangu Anjela,

Nakuandikia nikiwa hapa hospitalini, ambapo nimekaa kwa siku kadhaa kwa mambo ya kitaalamu. Madaktari wana majengo ya siku nyingi, wakaona wasimwache fundi kama mimi apite hivi hivi. Wamenipa kitanda karibu na dirisha ili niangalie kenchi za paa lao. Kenchi ni nzuri, nimewapongeza.

Nguzo zote zimesimama. Juzi usiku nyati ametoka mlimani, akaegemea ya kona kujikuna, ikamshinda, asubuhi tumekuta pembe chini. Paa limebaki upande mmoja.

Bibi hajambo.

Yoeli

Dada Anjela, mimi Zuleha wa steshenari, naongeza hapa chini kwa sababu barua hii siwezi kuituma hivi. Mjomba wako alipanda juu ya paa peke yake, ameanguka, amevunjika mguu wa kulia. Hakuna nyati. Kilichoegemea nguzo ni yeye, na ndiyo ilimwokoa, aliikumbatia akateleza juu yake taratibu nusu ya njia. Bibi tangu Desemba hatoki. Akishikwa mkono anatembea, akiachwa anaogopa kuanguka, kwa hiyo anakaa kwenye kiti mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni. Kaka yao mkubwa amesema Jumamosi anakuja na gari kumchukua, na Jumatatu nyumba inavunjwa. Mjomba alinikataza kukuambia. Nisamehe.


Athens,
3 Machi 2025

Shikamoo Mjomba Nathanael,

Mimi Anjela. Najua hupendi maneno marefu.

Hujakosea. Nguzo za babu zilikuwa zimekwisha na paa lingeweza kumwangukia Bibi. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunalia.

Lakini hizo ulizotikisa hazipo tena. Nimepata picha za kila hatua, nimezipima kadiri ninavyoweza nikiwa mbali. Msingi umefika chini, nondo zimo, ukuta ni mzima. Kinachotakiwa ni upande mmoja wa paa. Nguzo ni mbaya, hilo sibishani. Zina matumbo. Lakini zinabeba.

Ninakuomba jambo moja. Usije Jumamosi kukiwa na jua. Njoo mvua ya kwanza kubwa ikinyesha. Simama hapo mwenyewe utazame ukuta. Maji yakigusa udongo, mchukue Bibi siku hiyo hiyo, na mimi nitamwambia kwa kinywa changu kwamba umefanya haki. Yasipougusa, mwache nyumbani kwake.

Ni mtoto wa dada yako ninayeomba.

Anjela


Sombetini,
5 Machi 2025

Anjela,

Marahaba. Nimesoma. Nitakuja mvua ikinyesha, si kabla. Blanketi la kumfunika kwenye gari liko tayari, usinione mbaya. Kwangu pia ni mama.

Nathanael


Nkoaranga,
30 Machi 2025

Mwanangu Anjela,

Niko nyumbani, mguu uko kwenye plasta na plasta imeandikwa majina na watoto wote wa usharika. Zuleha ameniambia alichokuandikia. Nimemnunia siku nzima. Jioni kaniletea chapati, nimemaliza.

Paa lilimalizika bila mimi, na hilo linaniuma kuliko mguu. Walipopata habari kwamba nyumba inavunjwa, wenye ndoo walikasirika. Mama Maulida alisimama njiani akasema nguzo yake haivunjwi na mtu wa Sombetini. Akawatoa wanaume makwao, yeye chini anawaelekeza, na baada ya chakula cha mchana bati lilikuwa limefika kwenye kona ya mwisho. Mimi nilikuwa kitandani nikiwasimamia kwa mawazo.

Mvua imekuja juzi. Si ya manyunyu. Ilianza alfajiri huko juu mlimani, ikashuka kama lori la kokoto, migomba ikalala, njia ikawa mto mwekundu. Nikakaa kwenye kiti changu upande wa mashariki, mguu juu ya stuli, nikiangalia ukuta. Nikwambie ukweli bila chumvi, moyo ulikuwa unapiga nikausikia kwa masikio haya mabovu. Maji yalimwagika mbele ya nguzo kama pazia. Sakafu ikachukua michirizi kidogo, ikairudisha nje. Ukuta ulikuwa mkavu. Nimeukwangua kwa ukucha, vumbi likatoka.

Gari la Nathanael likaingia saa tatu. Akashuka na mwavuli na lile blanketi, akalitandika kwanza kwenye kiti cha mbele, vizuri, akapigapiga na mto. Nikaona jinsi alivyolitandika, hasira yangu yote ikaniishia. Akapanda barazani, hakunisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta. Akaweka kiganja. Akasogea, akaweka tena. Akazunguka nyumba nzima hivyo, mimi nangoja tu mpaka alipotokea upande wa pili. Akasema, "Mama yuko wapi?"

Nikageuka. Kiti cha Bibi mlangoni kilikuwa kitupu.

Tukaita. Nathanael akatupa mwavuli akataka kukimbilia kwenye matope, akidhani ametoka kwenda kwa ng'ombe. Ndipo akatokea kona ya nyuma, peke yake, bila fimbo, bila mtu. Mkono mmoja kwenye nguzo. Akaipapasa tumbo, akaiacha, akanyoosha mkono mbele mpaka ukagusa inayofuata. Hivyo hivyo, nguzo kwa nguzo, mvua inamiminika pembeni yake karibu na kiwiko. Kumbe alikuwa ameondoka nikiwa nakwangua ukuta, Nathanael anazunguka mbele yeye anazunguka nyuma, wanapishana na ukuta katikati. Alikuwa anazitaja chini chini. Hii ya mama Maulida. Hii ina ufa mdomoni, ni ya kwa mchungaji. Hii nyembamba sijui ya nani, mtu bahili.

Nathanael akamshika mkono, akamwambia gari liko tayari, mama.

Bibi akautoa mkono wake polepole. "Niache kwanza nizunguke. Tangu Desemba nimekaa."

Akatupita. Nathanael akamfuata nyuma, si karibu, hatua kama tatu hivi, mikono ameiweka tayari kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Wakapotea kona, wakatokea. Wakapotea, wakatokea. Sijui ni mara ngapi, kwa sababu macho yangu yaliingia vumbi la ule ukuta nilioukwangua. Walipofika mbele mara ya mwisho Bibi alikuwa amekinga kiganja nje ya paa, kimejaa maji, na akamgeukia mwanawe mzee mwenye mvi akampangusa uso wote, tai na kila kitu.

Nathanael alikula hapa. Alilala hapa, kwenye chumba chetu cha utotoni, anakoroma kama zamani. Jana asubuhi ameondoka, na kwenye kile kiti alichokitandikia blanketi umekaa mkungu wa ndizi, umefungwa mkanda.

Njoo uone. Mimi nakusubiri barazani, mashariki, na Bibi utakutana naye popote kwenye mzunguko.

Mjomba wako,
Yoeli